VUMBI LA MBAO NYUMBANI
(Maneno tuliyosema mbele ya wafanyakazi wenzetu, Nadapal)



Sisi ni watu wa reli, na reli haifiki Turkana. Iliishia Kitale mwaka 1926. Huenda mtu akauliza, watu wa reli wana habari gani ya kuwaletea watu wa Nadapal? Habari yetu ni ya vumbi. Tukija likizo tunawaona wenzetu, hapa na kule Lodwar na Kakuma, waliotenga pembe ya chumba kuwa karakana ndogo. Jioni, kazi ya mwajiri ikiisha, mtu huchonga kiti au hutengeneza rafu, kwa kupenda tu. Jambo hili ni jema, wala hatukuja kulikataza.

Lakini kazini tunayo Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007, inayomtaka mwajiri atukinge na vumbi. Akikataa, chama kipo. Nyumbani hapana mkaguzi wala katibu wa chama. Mtu yule yule aliyegombea feni ya kuvuta vumbi karakanani, jioni hujifungia chumbani na mashine ya msasa, mlango umefungwa ili mchanga wa nje usiingie. Na kitanda cha watoto kiko pale pale.

Watazameni wazee wetu wakichonga ekicholong. Mzee hukaa chini ya mti na tezo yake. Vipande vinavyoruka ni vikubwa, vinaanguka miguuni pake, na jioni mama huviokota vya kuwashia moto. Hapo hapana vumbi la kutajwa. Sisi tumeleta grinda na karatasi ya msasa, tukaingia ndani ya mabati, kisha tunashangaa kukohoa.

Maana vumbi ni la namna mbili. Lile unaloliona sakafuni, maranda na unga wa msumeno, si adui mkubwa. Adui ni lile jembamba, chini ya sehemu moja ya mia ya milimita, ambalo jicho halilioni ila likipita katika mwali wa jua. Hilo huelea hewani kwa saa nyingi baada ya mashine kuzimwa, nalo hushuka mpaka ndani ya mapafu. Mtu amekwisha kula, amelala, bado analivuta. Na mtoto wake pia.

Huko Uingereza, mji wa High Wycombe ulikuwa mji wa kutengeneza viti. Daktari mmoja wa pua na masikio, Bibi Esmé Hadfield, aliona ya kuwa wagonjwa wake wa saratani ya pua wengi walikuwa mafundi wa samani. Yeye na wenzake, miongoni mwao Donald Acheson, walichunguza jambo hilo na kulitangaza mwaka 1968. Mwaka 1995 shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya Shirika la Afya Duniani liliandika vumbi la mbao katika orodha ya vitu vinavyoleta saratani kwa mwanadamu. Ni kweli mafundi wale walivuta vumbi kutwa, miaka na miaka, na fundi wa jioni hapati kiasi hicho. Lakini pumu haingoji miaka. Vumbi la mvule linajulikana kwa kuwasha ngozi na kubana kifua, na mvule ndio mbao tunayoisifu.

Basi tufanyeje? Kwanza tupunguze kulizaa. Randa iliyonolewa vizuri hutoa maranda. Msasa hutoa unga. Piga randa mpaka mwisho, msasa uwe wa kumalizia tu. Mathenge ni mti mgumu na watu huukimbilia kwa grinda. Afadhali tezo na patasi, na uvumilivu.

Pili, kazi ya msasa itoke nje. Upepo wetu wa kusini mashariki ndio uleule unaozungusha mitambo 365 ya umeme upande wa Loiyangalani, ng'ambo ya ziwa. Upepo wa nguvu hiyo tunaufungia mlango, halafu tunatafuta fedha za kununua feni! Simama upepo ukupige ubavuni, vumbi liende upande wa pili. Ukiupa mgongo, hewa huzunguka mbele ya kifua na kukurudishia vumbi usoni. Tena tazama jirani asiwe ndiye anayepelekewa.

Ikiwa ni lazima ufanye ndani, fungua madirisha mawili yanayoelekeana, na feni iwekwe kwenye lile la kutolea, ikisukuma hewa nje. Feni ya kupuliza chumbani hulikoroga tu. Mwenye mashine ya kufyonza vumbi naye aangalie: mfuko wa kawaida hushika maranda, na lile jembamba hutokea nyuma. Mashine na ikae nje, mpira wake uingie ndani.

Kufagia kukavu kuachwe. Tunajua maji hapa hutoka mbali, lakini nusu kikombe yatosha: lowesha konzi chache za maranda, mwaga sakafuni, kisha fagia. Vumbi litashikamana nayo. Rafu zifutwe kwa kitambaa chenye unyevu, na jiko la makaa lisikae karibu, kwa maana unga mkavu wa mbao hushika moto upesi.

Barakoa tumeiweka nyuma makusudi. Kikoi kilichofungwa puani huzuia maranda, si lile jembamba. Barakoa ya N95 hulizuia ikishika uso pande zote. Mwenye ndevu nyingi asiitegemee. Na fundi akivaa yake, mtoto aliye kitandani hana.

Bwana Mwenyekiti, maswali tutayajibu huko huko karakanani. Mwenzetu mmoja ametukubalia tuingie kwake baada ya chai. Tutawasha kijiti, tukizime, tuone moshi wake unatokea dirisha lipi.