Hotuba ya Katibu wa Tawi Juu ya Kalavati na Mkutano Mkuu wa Kijiji

(Maneno haya yalisemwa mbele ya wanaushirika pale ghalani. Tumeyaandika hapa ukutani kwa ajili ya wale ambao hawakufika.)



 

Leo hatukuja na mambo mengi. Tumekuja na jambo moja, nalo ni lile korongo linalotutenga na barabara kubwa.

Korongo lile kila mtu analijua. Kiangazi watoto wanacheza mpira ndani yake. Mvua zikianza, hata ng'ombe havuki. Msimu uliopita mvua ilianza mwezi wa Desemba, minada ya korosho ikiwa bado inaendelea. Lori likaja, likasimama ng'ambo. Tukabeba magunia kichwani, mengine yakalowa. Korosho iliyolowa si daraja la kwanza tena, na bei yake mnaijua. Mwezi wa Machi mama mmoja wa kitongoji cha juu alibebwa juu ya kitanda kupelekwa zahanati, mwanawe akazaliwa palepale ukingoni maji yakipita. Wote wawili ni wazima, tunamshukuru Mungu. Lakini jamani, tutategemea bahati mpaka lini?

Watu wanauliza, mbona tunaomba kalavati kila mwaka na hatupati? Wengine wanasema Serikali imetusahau. Wengine wanasema diwani hatupendi. Sisi viongozi tukaona tusikae kubishana, tukaenda wilayani kuuliza. Tukaonyeshwa makabrasha yetu wenyewe.

Ndugu zangu, tutasema kweli ingawa inatuaibisha. Kalavati letu halikukataliwa na mtu. Halikufika mezani. Katika muhtasari wa mwaka juzi tuliandika maneno mawili tu: "Barabara mbovu." Barabara ipi? Mahali gani? Korongo lina upana gani? Hakuna. Mwaka jana muhtasari ulirudishwa kwa kuwa haukuwa na orodha ya mahudhurio. Na haukuwa nayo kwa sababu siku ile walikuja watu wachache, akidi haikutimia, nasi tukakaa ofisini tukaandika kana kwamba kijiji kizima kilikutana. Kosa hilo ni letu sisi viongozi, na tunaomba radhi. Waliobaki nyumbani siku ile nao wajiulize.

Basi tuieleze njia ya jambo hili, kila mtu aijue. Mwaka wa fedha wa Serikali unaanza tarehe 1 Julai na kwisha tarehe 30 Juni. Lakini mipango yake inaandikwa miezi mingi kabla. Halmashauri ya kijiji inapanga mahitaji, mkutano mkuu wa kijiji unayajadili na kuyapitisha. Kutoka hapo yanakwenda kwenye Kamati ya Maendeleo ya Kata, ambayo mwenyekiti wake ni diwani. Kisha wilayani, kwenye baraza la madiwani. Kisha mkoani, mpaka Bunge, ambalo hukaa juu ya bajeti kati ya Aprili na Juni. Anayeanza kulia mwezi wa Juni ni kama mtu aliyefika sokoni watu wanafunga vibanda.

Wazee wanakumbuka kwamba halmashauri za wilaya ziliwahi kufutwa mwaka 1972, wakati wa Madaraka Mikoani. Sheria Na. 7 ya mwaka 1982 ikazirudisha, zikaanza kazi tena mwaka 1984. Sheria hiyo ndiyo inayosema kwamba mkutano mkuu wa kijiji ndio wenye mamlaka ya juu kijijini. Mjumbe wake ni kila mkazi mwenye miaka 18 na zaidi. Halmashauri ya kijiji ina wajumbe kati ya 15 na 25. Watu 25 hawawezi kujifanya kijiji kizima. Tulijaribu mwaka jana, na mmeona tulikoishia.

Hapa sisi wa Chama tunataka tusikike vizuri. Zamani chama kilikuwa kimoja. Tangu mwaka 1992 vyama ni vingi. Mkutano mkuu wa kijiji si mkutano wa Chama chetu wala cha mwingine. Asiulizwe mtu kadi mlangoni. Yupo kijana mmoja wa chama kingine, fundi mwashi, anayejua habari za mawe na saruji kuliko sisi sote. Tumemwita, na atasema. Maji ya korongo hayamwulizi mtu kadi.

Tunajua akina mama wa kitongoji cha chini wananung'unika. Wanasema, kwanza pampu ya kisima, kalavati baadaye. Wana haki kunung'unika. Mwaka 1971 nchi yetu ilipanga kwamba ifikapo 1991 kila mwananchi wa kijijini apate maji safi karibu na nyumbani, mwendo usiozidi meta 400. Sera ya Maji ya mwaka 2002 nayo ikataja meta 400 zile zile, na kituo kimoja kwa watu 250. Wao leo bado wanachota kwenye dimbwi. Lakini tusigombane bure. Barabara za wilaya ziko chini ya TARURA tangu mwaka 2017. Maji ya vijijini yako chini ya RUWASA tangu mwaka 2019. Ni milango miwili. Tuandike maombi mawili, kila moja kwa karatasi yake na vipimo vyake, na kata iyabebe yote mawili. Ombi la pampu lisifichwe chini ya ombi la kalavati.

Liko jambo moja gumu, nasi hatutalizunguka. Njia ikinyooshwa kufika pale korongo lilipo jembamba, itapita kwenye mikorosho minne ya mzee wetu mmoja. Mzee huyo ameilea miti ile tangu ujana wake. Wako vijana wanaosema ikatwe usiku, atanyamaza. Hapana, ndugu zangu. Sheria za ardhi za mwaka 1999 zinasema anayetwaliwa mali yake alipwe fidia kamili, ya haki na bila kucheleweshwa. Mzee aje mkutanoni aseme mwenyewe. Akikubali, yaandikwe mbele yake. Akikataa, tutafute mahali pengine pa kupita. Maendeleo ya kumliza mzee wetu yatatugawanya, na kijiji kilichogawanyika hakijengi kitu.

Sasa kazi. Vijana watapima korongo kwa kamba: upana, kina, na alama ya maji yalipofika kwenye shina la ule mkwaju. Karani wa ghala atatoa hesabu ya magunia yaliyolowa msimu uliopita. Mwalimu Mkuu ameahidi kuhesabu siku ambazo watoto wa ng'ambo hawakufika shuleni. Fundi wetu atatuambia mawe tunayoweza kukusanya kwa nguvu zetu wenyewe. Hayo yote yaingie katika muhtasari, badala ya yale maneno mawili.

Na daftari la mahudhurio litakuwa mezani. Kila mtu aandike jina lake kwa mkono wake. Asiyejua kuandika aweke dole gumba, si aibu. Wengi wetu hapa, pamoja na sisi tunaosema, tuliingia darasa la kisomo tukiwa na watoto wetu nyumbani. Kabla ya hapo tuliandikiwa majina na watu wengine, na hatukujua wameandika nini. Ndiyo maana tunasema muhtasari usomwe wote kwa sauti kabla ya kutiwa sahihi, na nakala yake ibandikwe hapa ukutani. Ukiona tumeandika tofauti na mlivyosema, tukamateni.

Hatuahidi kwamba kalavati litajengwa mwaka ujao. Fedha ni kidogo na vijiji ni vingi. Tunaahidi kwamba safari hii ombi letu litafika, limepimwa, limeandikwa, na lina majina ya wenyewe. Wakitunyima, tutakuwa na haki ya kuuliza kwa nini.

Mkutano mkuu ni Jumamosi ijayo, saa tatu asubuhi, chini ya mwembe wa ofisi ya kijiji. Mume asije peke yake akasema anamwakilisha mkewe. Waje wote wawili. Aliyesoma hapa amsomee jirani yake.

Ushirika ni nguvu. 

Katibu wa Tawi