Miguu Ikivimba, Usiitupe Amlodipini

Msikilizaji, tubaki kidogo na amlodipini, kidonge ambacho wengi wenye presha wanakimeza kila siku. Kazi yake ni kulegeza kuta za mishipa ya damu ili ipanuke. Haina haraka: huchukua kama wiki moja hivi nguvu yake kutimia mwilini. Anayeimeza asubuhi, akapima jioni, akaona namba zile zile na kujiongezea kidonge cha pili, anajitafutia kizunguzungu na kuanguka.

Lawama kubwa ni miguu kuvimba vifundoni, hasa kwa dozi ya miligramu 10. Hapo ndipo wengi huiacha kimyakimya, au hutafuta dawa ya kukojoza. Hiyo haisaidii sana, maana maji hayajazidi mwilini. Yanavuja kutoka kwenye vishipa vidogo kwa sababu dawa imebadili msukumo wa damu humo. Mrudie daktari: anaweza kupunguza dozi, au kuongeza losartani, dawa nyingine ya presha, ambayo haifai kabisa kutumiwa na mjamzito. Ila mguu mmoja ukivimba na kuuma, au pumzi ikibana, nenda hospitali siku hiyo hiyo.

Lisilosemwa vya kutosha kwenye maduka ya dawa ni kwamba diklofenaki na ibuprofeni, zinazonunuliwa kiholela kwa maumivu ya mgongo, huweza kupandisha presha. Mtu analalamika ameuziwa amlodipini feki, kumbe anaibomoa mwenyewe kwa kidonge cha mgongo. Na ukisahau dozi ya jana, meza ya leo tu.