Kompyuta ya Mezani kwa Studio ya Nyumbani: Tupime Nini Kabla ya Kulipa



Mtu akiingia duka la kompyuta Kariakoo na kusema anataka mashine ya kurekodia muziki, mara nyingi huonyeshwa kwanza ile yenye kadi kubwa ya picha na taa za rangi. Mashine hiyo imeundwa kwa ajili ya magemu. Programu za kurekodi kama FL Studio, Cubase na Reaper hufanya karibu kazi zake zote kwenye prosesa, si kwenye kadi ya picha. Fedha inayokwenda huko ingenunua maiki nzuri. Rai yangu katika mada hii ni kwamba kompyuta ya studio ya nyumbani ipimwe kwanza kwa mambo mawili ambayo tangazo la duka halielezi: sauti inachelewa kiasi gani ikipita ndani yake, na yenyewe inapiga kelele kiasi gani.

Nianze na kuchelewa. Kompyuta haichakati sauti papo hapo inapoingia. Huikusanya kwa mafungu kwenye bafa. Tukirekodi kwa sampuli 48,000 kwa sekunde na bafa ikiwa ya sampuli 256, kila fungu huchukua milisekunde 5.3, na sauti husubiri hivyo mara mbili, ikiingia na ikitoka. Hizo ni kama milisekunde 11, kabla hatujaongeza muda wa saundi kadi yenyewe. Mwimbaji makini aliyevaa hedfoni anaweza kulihisi hilo. Ukishusha bafa hadi 64, kuchelewa kunapungua, lakini prosesa nayo inabaki na muda mfupi wa kumaliza hesabu zake. Ikizidiwa, sauti inakwaruza na kukatikakatika.

Kwa hiyo mnunuzi ajiulize kwanza anafanya kazi gani. Anayeimba juu ya biti iliyokwisha tengenezwa hahitaji mashine ya kutisha. Saundi kadi nyingi za nje, hata za bei nafuu, humrudishia mwimbaji sauti yake kwenye hedfoni bila kuipitisha kwenye kompyuta. Wakati wa kumiksi hakuna anayeimba, basi bafa inapandishwa hadi 1,024 na prosesa inapumua. Lakini anayepiga kinanda cha MIDI, huku piano au vayolini zikitoka ndani ya programu, hana njia hiyo ya mkato, kwa sababu sauti anayoisubiri inazaliwa ndani ya prosesa. Huyu ndiye mwenye sababu ya kulipia prosesa yenye nguvu na RAM ya GB 16 au zaidi. Wa kwanza anaweza kuanza na GB 8, mradi ubao mama una nafasi ya kuongeza.

Nguvu ya prosesa nayo isihesabiwe kwa wingi wa viini peke yake. Programu inaweza kugawa traki kwa viini mbalimbali, lakini efekti zilizopangwa kwenye traki moja husubiriana: ya pili haianzi mpaka ya kwanza imalize. Hapo kinachookoa ni kasi ya kiini kimoja. Jambo hili lina uzito katika soko letu la mtumba, lililojaa Dell OptiPlex, HP EliteDesk na Lenovo ThinkCentre zilizostaafu maofisini. Muuzaji atakwambia i7 ni kubwa kuliko i5. Soma namba inayofuata. i7-4770 ni ya kizazi cha 4, ya mwaka 2013. i5-8500 ni ya kizazi cha 8, ya mwaka 2018, ina viini 6, na ndiyo bora kwa kazi yetu. Isitoshe, Windows 11 huzikubali rasmi prosesa za Intel kuanzia kizazi cha 8, na huduma ya kawaida ya Windows 10 ilikoma Oktoba 2025. Mimi sishauri kushuka chini ya kizazi hicho cha 8.

Diski haina mjadala mrefu. Traki moja ya mono, biti 24, hula takriban MB 8.6 kwa dakika. Kwaya yenye maiki 8 ikiimba dakika 5 haifiki MB 350. Hata diski ya zamani inamudu hilo. SSD tunaitaka kwa sababu hufungua haraka ala zenye sampuli nyingi, na kwa sababu haitoi sauti.

Ukimya ndio unaosahaulika kuliko vyote. Maiki ya kondensa husikia feni iliyo upande wa pili wa chumba, na ukiweka kompresa kwenye vokali, ule mvumo mdogo unapanda pamoja na pumzi ya mwimbaji. Dukani, omba mashine iwashwe, ipewe kazi nzito kwa dakika kumi, kisha inama usikilize. Vingi vya vile vikompyuta vidogo sana vina feni ndogo ambayo hulia kwa sauti nyembamba ikipata joto. Kasha kubwa lenye feni pana hutulia zaidi. Mac mini ya 2024 ni tulivu na huanza na GB 16, ila RAM yake haiongezwi baadaye. Hata hivyo, kuna dawa rahisi: waya wa maiki wa XLR huenda mita 20 bila kuharibu sauti, kwa hiyo mwimbaji anaweza kuhamia chumba chenye magodoro na nguo, kompyuta ikabaki sebuleni.

Mwisho ni umeme. Kompyuta ya mezani haina betri, kwa hiyo UPS iingie kwenye bajeti tangu mwanzo. Tena ukigusa kasha la chuma ukiwa pekupeku kwenye sakafu ya saruji ukahisi mtekenyo, huenda waya wa ethi haufanyi kazi, na ule mvumo mzito unaosikika chini ya rekodi unaweza kuwa unatoka hapo. Hilo halitibiwi kwa kubadilisha saundi kadi. Muite fundi umeme akague soketi na ethi ya nyumba kabla hujaiweka kompyuta mezani.