Padre Lorenzo Milani na Watoto Walioachwa na Shule



Nimeombwa nizungumzie maisha ya padre aliyejitoa kwa ajili ya elimu. Nimemchagua Padre Lorenzo Milani wa Italia, kwa sababu alithubutu kuishtaki shule kwa niaba ya watoto iliowatupa, tena akawafundisha watoto hao waandike mashtaka wao wenyewe.

Alizaliwa Florence tarehe 27 Mei 1923, katika familia ya wasomi wenye mali. Alijifunza uchoraji kabla ya kuongoka na kuingia seminari mwaka 1943. Alipopata daraja ya upadre mwaka 1947 alitumwa San Donato, Calenzano, kuwa paroko msaidizi. Huko alianzisha shule ya jioni ya vijana wakulima na wafanyakazi wa viwandani, akauondoa msalaba ukutani mwa darasa. Wengi walikwazika. Lakini Italia ya miaka ile ilikuwa imegawanyika vibaya kati ya Wakomunisti na chama cha Wakatoliki, naye hakutaka kijana yeyote apate sababu ya kubaki nje. Naamini alifanya sawa: imani yake ilionekana katika jinsi alivyowahudumia vijana wale usiku baada ya usiku.

Desemba 1954 alihamishiwa Barbiana, kwenye milima ya Mugello. Palikuwa na kanisa, makaburi na nyumba chache zilizotawanyika. Umeme haukuwapo, wala barabara ya kufika kanisani. Wengi waliona kwamba ameadhibiwa. Yeye, mara tu baada ya kufika, alinunua mahali pa kuzikwa hapo hapo. Ndugu zangu, tunajua wenyewe jinsi mtumishi aliyepelekwa pembezoni anavyohesabu siku za kuondoka. Wazazi wa Barbiana walipata padre ambaye hakuwa na mpango wa kwenda kwingine.

Shule aliifungua katika nyumba ya paroko. Walisoma kutwa, hata Jumapili na siku za likizo. Wakubwa waliwafundisha wadogo. Gazeti lilisomwa kwa sauti na kuchambuliwa neno kwa neno. Watoto wa mlimani waliogopa maji, basi wakajenga bwawa dogo la kuogelea kwa mikono yao. Alikuwa mkali, na ratiba yake mwalimu mwenye familia haiwezi, sishauri tuiige.

Ninachotaka tukitazame kwa karibu ni lugha. Milani alishawishika kwamba mtoto wa mkulima hapungukiwi akili kuliko mtoto wa daktari. Anachopungukiwa ni maneno: ya kusoma mkataba, ya kuelewa sheria, ya kumjibu bosi. Asiyekuwa nayo wengine watamsemea maisha yake yote.

Kwa hiyo waliandika kwa pamoja. Kila mwanafunzi aliandika wazo moja kwenye kipande cha karatasi, upande mmoja tu. Vipande vyote vilitandazwa mezani, yaliyojirudia yakaondolewa, yanayofanana yakawekwa fungu moja, na mafungu yakawa sura. Kisha wakashindana kutafuta neno la ziada, sentensi ndefu mno, au jambo lisilo la kweli. Mwishoni waliitwa watu wa nje, hasa wasiosoma sana, wasome kwa sauti, ionekane wameelewa nini. Ushauri wa kuongeza uwazi ulipokewa. Ule wa kupunguza ukali ulikataliwa.

Hivyo ndivyo kilivyoandikwa kitabu chao, *Lettera a una professoressa*, yaani barua kwa mwalimu wa kike, kilichotoka Mei 1967. Sheria ya Italia ilikwisha kuifanya elimu iwe ya lazima hadi miaka 14, lakini watoto wa maskini waliendelea kukaririshwa darasa mpaka wakakata tamaa. Wavulana wanane wa Barbiana walikusanya takwimu za taifa na kuonyesha ni watoto wa nani waliokuwa wakipotea njiani.

Milani mwenyewe alikuwa amekwisha kulipa gharama. Kitabu chake cha mwaka 1958 kuhusu uchungaji kiliondolewa madukani kwa agizo la Vatikani. Mwaka 1965 alishtakiwa kwa kuwatetea vijana waliokataa jeshi kwa sababu ya dhamiri. Mahakama ya kwanza ilimwachilia mwaka uliofuata. Alifariki tarehe 26 Juni 1967 kwa saratani, akiwa na miaka 44, akazikwa Barbiana. Baba Mtakatifu Fransisko alikwenda kusali kaburini pake mwezi Juni 2017.

Kwa vikundi vya mchana napendekeza kazi moja. Kila kikundi kichukue vipande vya karatasi na kuandika sababu zinazowafanya wanafunzi wa shule zetu waache masomo, wazo moja kwa kila kipande. Tuvipange, tukate yasiyo ya kweli, kisha kabla ya kikao cha jioni tuwasomee wapishi na walinzi wa kituo hiki, ambao nao ni wazazi, watueleze tumekosea wapi.