Upepo wa Ghuba la Winam una saa zake

(Maneno ya afisa wa mawasiliano wa kaunti kwa vijana wa Kiptere wanaojiandaa kwa matembezi ya siku moja ziwani)

 

Nimesikia mmeshachanga pesa za matatu ya kushuka Sondu hadi ziwani, na kwamba mnataka kupanda mashua ya tanga, si ya injini. Ni wazo zuri. Lakini sisi ni watu wa majani chai na ng'ombe, na wengi wetu hatujui kuogelea. Kwa hiyo leo nitazungumzia jambo moja tu: saa.

Upepo wa ziwa mnaujua tayari, ila mnaujua kutoka upande huu wa mlimani. Asubuhi kwetu huwa shwari. Jua likipanda, nchi kavu hupata joto upesi kuliko maji. Hewa ya huku juu hupaa, na hewa ya ziwani huja kujaza nafasi yake. Kufikia mchana upepo huo umepata nguvu, umepanda miinuko yetu na kukutana na upepo wa mashariki. Hapo mawingu marefu hujengeka, na alasiri mvua ya mawe hupiga majani chai. Usiku mambo hugeuka: upepo hutoka nchi kavu kwenda ziwani.

Wavuvi wa Winam wanaotumia tanga wameishi kwa ratiba hiyo tangu zamani. Alfajiri upepo wa nchi kavu huwasukuma kwenda kuvua, na mchana upepo wa ziwa huwarudisha nyumbani. Aliyezoea Mombasa asidhani ni sawa na huko. Pwani, kusi huvuma kwa miezi. Hapa upepo hubadilika siku hiyo hiyo.

Hatari kubwa ni lile wingu la alasiri. Likianza kumwaga mvua, hewa baridi hushuka nalo na kusambaa kwa kasi. Upepo unaweza kugeuka ghafla na kupiga tanga kutoka upande usioutarajia. Tena ghuba letu lina kina kifupi, kwa hiyo mawimbi yake huwa mafupi, yenye kukaribiana, na hujaza mashua ndogo maji haraka.

Nawaambia hivi kwa sababu nimeyaona. Wakati mmoja tulifika ufukweni tukiwa sita, tumechelewa, tukaondoka saa tisa alasiri. Mwenye mashua alituambia jaketi za kuokoa maisha ni za waoga. Tulicheka naye. Wingu lilipofunguka, hakuna aliyecheka tena. Tulikumbatia sakafu ya mashua, tukichota maji kwa kopo moja hadi tukafika ng'ambo. Kati yetu ni mmoja tu aliyejua kuogelea.

Basi shikeni haya. Ondokeni Kiptere mapema, muwe majini asubuhi na mrudi nchi kavu kabla ya saa saba. Jioni ya kuamkia safari, sikilizeni utabiri wa Idara ya Hali ya Hewa. Mkiwa majini, tazameni huku kwetu juu: wingu likianza kuwa refu na jeusi, mwambieni nahodha arudi, hata kama pesa ya saa nzima mmeshalipa.

Kila mtu avae jaketi, aifunge, kabla mguu haujaingia mashuani. Kuikalia si kuivaa. Kaeni chini, msisimame kupiga picha. Kamba ya kuvutia tanga, ambayo watu wa pwani huiita demani, ishikwe mkononi. Ikifungwa kabisa, upepo ukizidi hakuna nafasi ya kuiachia. Mashua ikipinduka, ing'ang'anieni. Ya mbao mara nyingi huendelea kuelea. Msijaribu kuogelea kwenda ufukweni eti ni karibu.

Na msikubali mashua kujazwa. Tarehe 20 Septemba 2018, kivuko cha MV Nyerere, kilichobeba watu kupita kiasi, kilipinduka karibu na gati la kisiwa cha Ukara nchini Tanzania. Zaidi ya watu 200 walifariki, nchi kavu wakiiona kwa macho.

Maji ya Kipsonoi huingia mto Sondu, na Sondu humwagika katika ghuba hilo. Kwa hiyo mnakwenda kuyatembelea maji yetu wenyewe. Nendeni mkafurahi. Nahodha akiwaambia leo upepo si mzuri, mshukuruni, mle samaki pale ufukweni, mrudi nyumbani. Ziwa litakuwapo Jumamosi ijayo, nasi tunataka nanyi muwepo.