Mwamuzi ni Miguu Yako

Ndugu msikilizaji, juma lililopita sikuwa nawe hewani. Nilikuwa safarini. Nilikwenda Bujora, pale Kisesa wilayani Magu, kuangalia ngoma za Bulabo. Leo napenda nikusimulie safari hiyo, na pamoja na hilo nikiri kosa moja nililolifanya njiani.

Tulikuwa magari saba, familia za Wasukuma tuishio Dar es Salaam, pamoja na marafiki na watoto wetu. Ni mwendo wa zaidi ya kilomita 1,100. Tulipanga kuondoka alfajiri, tulale Singida, na siku ya pili tuingie Kisesa kabla ya jua kuzama. Kila gari lilikuwa na deli lililojaa barafu, maji ya chupa, soda na kuku wa kukaanga. Kiongozi wa msafara alitupa amri moja tu: hakuna kusimama ovyo.

Basi, tukaanza kuipita miji. Dumila akina mama walitukimbilia kwenye matuta na ndoo za nyanya, tukafunga vioo. Kibaigwa, penye soko kubwa la mahindi, tukapita. Singida, mji wenye sifa ya kuku wa kienyeji na mafuta ya alizeti, tulilala na kuondoka kabla maduka hayajafunguliwa, nasi tukiendelea kula kuku wetu wa Dar es Salaam. Tulipoteremka mlima Sekenke na mbuga ya Wembere ikatandaa mbele yetu, mwanangu mdogo aliomba tusimame kidogo aitazame. Nikamwambia, "Tutachelewa."

Sasa, ndugu msikilizaji, tufike Tinde, pale njia zinapogawanyika, moja ikienda Kahama na nyingine Shinyanga. Jirani na hapo anaishi shangazi yangu, dada wa marehemu baba. Nilikuwa nimempigia simu kwamba tungepita saa tano. Yeye akafika barabarani saa tatu. Gari mojawapo likapata pancha mbili, na tulipofika Tinde ilikuwa saa nane. Gari la mbele likapita, la pili likapita, nami nikapita. Nilipiga honi na kupunga mkono. Kwenye kioo nikamwona shangazi ameinua mfuko juu, halafu akaushusha taratibu.

Mwanangu akaniuliza, "Baba, yule bibi alikuwa anauza nini?"

Sikumjibu. Nikaongeza moto, na hadi Shinyanga hapakuwa na mtu aliyesema neno ndani ya gari letu.

Bujora tulifika salama. Kwa asiyepafahamu, pale ndipo yalipo Makumbusho ya Wasukuma, yaliyoanzishwa na Padri David Clement, mmisionari kutoka Kanada aliyezipenda nyimbo na ngoma za Wasukuma hata akaziingiza katika ibada. Bulabo hufanyika kila mwaka kufuatia sikukuu ya Ekaristi Takatifu, na mara nyingi huwa mwezi Juni, wakati mavuno yamekwisha na wakulima wamepata nafasi ya kucheza.

Wachezaji wamegawanyika katika makundi mawili makubwa, Bagika na Bagalu. Simulizi husema makundi hayo yalitokana na mabingwa wawili wa karne ya 19, Ngika na Gumha, walioshindana kwa ngoma na kwa dawa. Hadi leo upo ushindani. Kundi moja linacheza bugobogobo, majembe yakirushwa hewani na kudakwa. Kundi jingine linaingia na chatu begani. Yanacheza kwa wakati mmoja, kila moja upande wake wa uwanja.

Nikamwuliza mzee aliyesimama karibu nami, "Mzee wangu, majaji wameketi wapi?"

Akacheka. "Mwanangu, jaji ni miguu yako. Watu wakikuhama, umeshindwa. Wakisimama kwako, umeshinda."

Ndugu msikilizaji, maneno hayo yaliniingia moyoni kuliko ngoma yenyewe. Maana niliona kwamba kwa siku mbili nzima nilikuwa nikiamua. Nilimhukumu muuza nyanya wa Dumila, nikauhukumu mji wa Singida, nikamhukumu na shangazi yangu. Wote niliwahama. Tulisafiri ili kuenzi mila za kwetu, na njiani tukawapita wenye mila hizo kama nguzo za umeme.

Misafara ya zamani haikuwa na uwezo huo. Karne ya 19, wapagazi wa Kinyamwezi waliotoka Tabora kwenda Bagamoyo na pembe za ndovu walilazimika kusimama Ugogo kutafuta maji na chakula, na kumlipa mtemi ada ya kupita. Ada hiyo iliitwa hongo, na ndiko lilikotoka neno tunalolitumia leo kwa maana mbaya. Malipo yale yalileta ugomvi mwingi, sikatai. Lakini msafara ulilazimika kujua umepita kwa nani. Sisi, kwa deli na chupa za maji, tumeondolewa ulazima huo. Umebaki uungwana tu, nao umetushinda.

Simlaumu kiongozi wetu. Aliogopa magari kutembea usiku, na hofu hiyo ni ya haki. Lakini saa moja ya kuondoka mapema na dakika ishirini za kusimama mahali haziui mtu.

Wakati wa kurudi nilijitenga na msafara. Tulifika Tinde jioni. Shangazi hakunilaumu. Alisema tu, "Nilijua mna haraka, baba." Nafuu angenigombeza. Mwanangu, niliyemfundisha salamu njiani, akapiga goti na kusema, "Mwangaluka!" Shangazi akacheka hadi machozi, kwa kuwa hiyo ni salamu ya asubuhi. Akamfundisha ya jioni, "Mwadila." Kisha akauleta mfuko ule ule. Ndani mlikuwa na michembe, vile viazi vitamu vilivyokatwa na kuanikwa juani, alivyovikausha kwa ajili ya wajukuu. Kuku aliyekuwa amemfunga miguu siku ile, tulimla usiku huo, nasi tukalala hapo.

Ndugu msikilizaji, likizo inakaribia, na wengi mtakwenda mikoani, wengine kwenye ngoma, wengine kwenye harusi na matanga. Punguza vitu ndani ya deli. Nunua maji Gairo, nunua kuku Singida. Na kama yupo mtu anayekusubiri barabarani, simama, hata kama wa mbele yako amepita.

Nakutakia juma jema.