Kukesha na Mgonjwa



Wapendwa wasikilizaji, usiku ule wa Gethsemane Bwana wetu hakuwataka Petro, Yakobo na Yohane wamwondolee mateso. Aliwataka wakeshe naye tu, nao wakalala. Tulilikumbuka jambo hilo tulipomtembelea mzee mmoja hapa Himo, jirani na barabara iendayo Taveta, anayeugua saratani ya mapafu iliyokwisha kuenea mwilini.

Kwa miezi mingi kikohozi chake kilidhaniwa kuwa kifua kikuu, akatengewa kikombe. Saratani ilipojulikana, kikombe kikaendelea kutengwa. Ndugu zangu, saratani haiambukizi kwa kikombe wala kwa pumzi. Wengine walinong'ona kwamba amejitakia kwa sigara. Ni kweli kwamba tumbaku ndiyo chanzo kikubwa cha ugonjwa huu, lakini wako wanaoupata bila kuvuta kamwe. Na hata aliyevuta, hahitaji hakimu kando ya kitanda chake.

Mkewe alitutoa nje, akatuuliza kwa sauti ya chini: “Baba Padre, je, ni dhambi kumpa mofini?” Chupa aliyopewa hospitali alikuwa ameificha, kwa kuwa mwanawe mkubwa alisema dawa hiyo ni ya kuharakisha kifo, na shemeji yake akasema maumivu yatolewe sadaka. Mzee alikuwa akilia usiku kucha.

Tunajibu waziwazi: si dhambi. Papa Pius wa 12 aliwafundisha hivyo madaktari mwaka 1957, na Katekisimu ya mwaka 1992 inaihesabu huduma ya kutuliza maumivu kuwa tendo la pekee la upendo. Mofini ya maji, ikitolewa kwa kipimo na saa alizoagiza daktari, hutuliza maumivu na hupunguza pia adha ya kukosa pumzi. Sadaka hutolewa na mwenye mateso kwa hiari yake. Shemeji hawezi kumtolea. Mwenye swali juu ya dawa na aulize hospitali. Pale KCMC, Moshi, kipo kituo cha saratani tangu mwaka 2016.

Yako na mengine madogo. Mwinueni mgonjwa kwa mito, fungueni dirisha, mpepeeni usoni, zuieni moshi wa jiko. Mtori uwe mwepesi, vijiko vichache vyatosha.

Nasi mapadre tuna kosa letu. Mara nyingi twafika mgonjwa asipoweza tena kusema, na kwa hiyo watu huuogopa Mpako wa Wagonjwa kana kwamba ni hati ya kifo. Tuiteni mapema.

Mzee alipakwa mafuta, kisha chai ikaletwa. Tuliomba kunywa katika kikombe chake, watoto wakitutazama.

Watoto walioko Dar es Salaam hutuma fedha kwa simu, na tunawashukuru. Lakini saa nane ya usiku fedha haimgeuzi mgonjwa ubavu, na mama yule alikuwa hajalala vema kwa wiki kadhaa. Jioni ile jumuiya yao ndogo ndogo iligawana zamu. Tulipoondoka, usiku wa Alhamisi ulikuwa bado haujapata mtu.